Kuchora Kiwewe Kinachorudi: Mwongozo Kamili wa Alama za Picha katika Riwaya za Vibonzo

Mtu akikumbuka harusi ya dada yake, anajua kwamba yuko sebuleni kwake na kwamba harusi ilishapita. Kiwewe kikimrudia manusura, ujuzi huo humponyoka. Mwili huitikia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi: moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, harufu ya siku ile iko puani. Kinachorudi si hadithi nzima yenye mwanzo na mwisho. Hurudi vipande: mlio, mwanga, harufu, mkao wa shingo. Na mara nyingi kinachovirudisha ni kitu kidogo cha kila siku, kama mlango uliobamizwa na upepo.

Mchoraji wa vibonzo ana bahati hapa, kwa sababu kwenye ukurasa wake jana na leo hukaa bega kwa bega na jicho likaviona kwa pamoja. Lakini wengi hutumia vibaya bahati hiyo. Wanachora fremu yenye kingo za mawimbi, wanapaka rangi ya kahawia iliyofifia, wanaweka kiputo cha mawingu juu ya kichwa cha mhusika. Alama hizo humtuliza msomaji na kumwambia kwamba haya yalishapita. Zinajenga ukuta pale ambapo manusura hana hata pazia. Kwa hiyo kazi yote inayofuata inasimama juu ya jambo moja: usichore mpaka kati ya wakati ule na wakati huu. Tafuta kitu cha kawaida kinachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupiga hodi.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: kibonzo cha kurasa 48 kuhusu mama wa Nairobi, mhusika wa kubuni, aliyekuwa karani katika ofisi iliyo karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Zaidi ya watu 200 walikufa jijini siku hiyo. Mlipuko mdogo uliotangulia na milio ya risasi iliwafanya watu wengi katika majengo ya jirani wasogee madirishani kuchungulia. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, na vioo vikawajeruhi wengi macho. Kwa mchoraji, habari hiyo moja ina uzito kuliko picha mia za vifusi: kuna mlio, kuna kugeuza kichwa, kuna dirisha.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kushika penseli

Ikiwa unazungumza na manusura halisi, usianze na "siku ile ilikuwaje?" Uliza kuhusu leo. Ukipanda matatu unakaa kiti gani? Ni barabara gani ya mjini huipiti? Nyumbani kuna mlio gani usioupenda? Usiku unaamka saa ngapi, na ukiamka unafanya nini kwanza? Majibu yake yatakupa vitu vya kuchora, naye hutakuwa umemburuta hadi mahali anapopakwepa.

Mazungumzo yasizidi dakika 45. Yeye ndiye achague mahali, na akae karibu na mlango. Mwite anavyoitwa na watu wake, Mama fulani, Shosh au Mzee, na mkubaliane mapema ishara ya kusimama: kuinua mkono kunatosha. Akianza kutetemeka au macho yakikodoa mbali, acha maswali. Taja kwa sauti ya kawaida mahali mlipo na siku ya leo, mpe maji, subiri. Kabla ya siku hiyo uwe umeshaongea na mshauri nasaha ambaye manusura anaweza kumpata baadaye, maana watu wengi huwa sawa kwenye mazungumzo na kuelemewa usiku wake.

Mwonyeshe kurasa zikiwa bado za penseli. Ukingoja hadi umeshaweka wino, utaitetea kazi yako badala ya kumsikiliza. Na usifikiri kubadilisha jina kunatosha kumficha: katika mitaa yetu majirani hutambua geti, kanga iliyoanikwa kwenye balkoni, hata tangi la maji. Badilisha vyote hivyo.

Ukishamaliza, panga majibu katika mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinavyomvamia: picha, milio, jinamizi. La pili ni anavyovikwepa. La tatu ni jinsi mwili unavyokaa macho, yaani kushtuka upesi, kukosa usingizi, kukagua mlango kila mara. Wachoraji wengi hujaza fungu la kwanza peke yake, na ndiyo maana wahusika wao wanaonekana kama watu wanaopiga mayowe tu. Fungu la pili ndilo lenye utajiri zaidi kwa mchoro, na tutalirudia.

Hatua ya 2: Chagua alama moja na uipime

Alama nzuri hupita vipimo vinne. Iwe ilikuwepo kwenye tukio lenyewe. Iwe bado ipo katika maisha ya kila siku ya mhusika. Itambulike ikijazwa wino mweusi mtupu kwa ukubwa wa sentimita 2. Na iweze kubadilika, ama kwa kuvunjika, kufunikwa, kuzidi au kukosekana, bila kupoteza sura yake.

Dirisha linapita vyote vinne. Lilikuwepo saa nne na nusu asubuhi ile. Lipo kwenye matatu, kwenye nyumba, kwenye duka. Ni mstatili wenye msalaba ndani, kwa hiyo hata mtoto atalitambua. Na laweza kuwa wazi, limefungwa, lina pazia, au halina kioo.

Sasa tazama alama zinazoshindwa. Fuvu, mnyororo na moyo uliopasuka hazikuwepo kwenye tukio, ni mapambo. Bundi ana shida nyingine: kwetu bundi huleta habari ya msiba unaokuja, na wewe unachora msiba unaorudi, kwa hiyo msomaji ataanza kungoja kifo kipya na kupotea njia. Ukichora ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, panga litajileta lenyewe. Kwa vipimo vinne panga linapita vizuri sana, kwani mtu anayefyeka nyasi kando ya barabara amelishika leo asubuhi. Hata hivyo tunashauri uliache, maana msomaji wa Kenya akiona panga huuliza kwanza lilishikwa na mkono wa kabila gani, na kuanzia hapo hadithi si ya manusura tena. Ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena, unaokaa ndani ya pochi miaka yote, unafanya kazi ile ile na unabaki upande wake.

Waliofanya kazi hii vizuri walichagua vitu vya kawaida. Keiji Nakazawa, ambaye mwenyewe alinusurika bomu la Hiroshima, alianza kuchapisha kibonzo chake kuhusu bomu hilo, Hadashi no Gen, mwaka 1973, na jua hurudi tena na tena katika kurasa zake. Jua ni kitu ambacho hakuna awezaye kukikwepa. Katika Deogratias ya Jean-Philippe Stassen, iliyotoka mwaka 2000 kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, kijana aliyebaki hai hujiona akigeuka mbwa usiku. Mbwa hapo si kitu alichokiona tu, ni kile anachoamini amekuwa, na kwa njia hiyo alama ile moja inabeba kumbukumbu na hatia kwa pamoja. Ukipata alama yenye mizigo miwili namna hiyo, usiiongezee ya pili. Alama tatu katika kibonzo kimoja humfanya msomaji ahesabu badala ya kuhisi.

Hatua ya 3: Andika ratiba ya kurudi

Kabla ya kuchora ukurasa wowote, chukua karatasi na uandike alama itatokea ukurasa upi na ikiwa katika hali gani. Kwa kurasa 48, mara saba zinatosha. Zikizidi kumi alama inazoeleka na kuchosha. Zikipungua nne msomaji hataijua ikirudi. Ratiba ya mfano wetu:

Ukurasa wa 2: mama anapanda matatu, kiti cha dirishani kipo wazi, anampisha mtu mwingine akikae.
Ukurasa wa 5: nyumbani ni adhuhuri, mapazia mazito yamefungwa, taa inawaka.
Ukurasa wa 8: mjukuu anaomba pazia lifunguliwe, mlango wa jirani unabamizwa.
Ukurasa wa 12: ndani ya matatu, uvamizi wa kwanza, yaani siku ile inamrudia kana kwamba ni sasa.
Kurasa za 24 na 25: ofisini, 1998.
Ukurasa wa 34: anakosa usingizi, kioo cha simu iliyozimwa kinaonyesha umbo la dirisha.
Ukurasa wa 46: matatu tena.

Mara tatu za kwanza hazina maelezo yoyote. Msomaji anaona mama asiyependa kiti cha dirishani, basi. Hilo ni fungu la pili, la kukwepa, na nguvu yake ni kwamba msomaji hujifunza tabia ya mwili kabla ya kujua sababu. Akifika ukurasa wa 24 atarudi nyuma mwenyewe kichwani mwake na kuzisoma upya kurasa zile tatu. Huko kurudi kwake ndiko kunakofanana zaidi na kiwewe chenyewe. Ukitanguliza tukio kwenye ukurasa wa 1, kama wanavyofanya wengi ili kumnasa msomaji, unapoteza yote hayo.

Uvamizi uwekwe kwenye ukurasa wenye namba shufwa, yaani wa kushoto, kwa sababu huo huonekana ghafla msomaji akifunua karatasi. Ukiuweka kulia, jicho litakuwa limeshauona pembeni likiwa bado linasoma wa kushoto, na mshtuko umekwisha.

Jambo jingine la kwetu. Wasomaji wengi wa hapa walianza na vibonzo vya gazeti, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, ambapo fremu ya mwisho ndiyo yenye kicheko. Mazoea hayo yako kwenye jicho. Ukifunga kila ukurasa kwa tendo kubwa katika fremu ya mwisho, msomaji atasikia mdundo wa mzaha hata kama unachora kilio. Acha kurasa za uvamizi ziishe katikati ya tendo.

Hatua ya 4: Fremu, mapengo na vipimo vyake

Chora kwenye karatasi ya A3, uchapishe kwa A5: kila kipimo kinagawanyika kwa mbili, hesabu ni rahisi. Acha ukingo wa mm 24 pande zote. Unabaki na eneo la mm 249 kwa 372. Gawa fremu sita, safu wima mbili na mistari mitatu, na pengo la mm 8 kati yake. Kila fremu itakuwa karibu mraba, mm 120 kwa 118. Gridi hii isibadilike kwenye kurasa za kawaida. Uthabiti wake ni wa lazima, maana ukibadilisha mpangilio kila ukurasa kwa ajili ya urembo, hutakuwa na kitu cha kuvunja siku ya kuvunja.

Ukurasa wa 2, fremu ya 5, mchore mama kutoka ubavuni, dirisha la matatu nyuma ya abiria mwingine. Ukurasa wa 12, fremu ya 5, nakili mchoro ule ule kwenye meza ya taa, yaani kioo chenye mwanga chini yake: pembe ile ile, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Tumia karatasi ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba, ambayo bado inapitisha mwanga. Badilisha vitu viwili tu. Kichwa kimegeukia dirishani. Na fremu za dirisha si za matatu tena, ni za chuma za ofisi. Abiria aliye jirani bado anatafuna mahindi yake.

Kisha shughulikia mapengo. Ukurasa wa 11 punguza pengo kutoka mm 8 hadi 4. Msomaji hatajua kilichobadilika, lakini ukurasa utamsonga. Kwenye ukurasa wa 12, kati ya fremu ya 3 na ya 5 iliyo chini yake pengo ni sifuri: mstari mmoja unatumika na fremu zote mbili. Kati ya 5 na 6 ondoa hata mstari huo, kioo cha ofisi kiendelee hadi ndani ya matatu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuondoa mistari yote ya ukurasa kwa mpigo. Ukurasa usio na fremu hata moja huonekana kama ndoto nzuri, mpana na mwepesi. Kiwewe ni chembamba, huingia kwa ufa mmoja.

Usiweke mwaka, usiweke maneno "miaka mingi iliyopita", usibadilishe aina ya mstari. Kalamu iliyochora matatu ndiyo ichore ofisi. Art Spiegelman, katika juzuu ya pili ya Maus ya mwaka 1991, kibonzo kuhusu baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, alijichora ameketi kwenye meza yake ya kazi huku maiti za kambi zimerundikana sakafuni chini yake. Hakuna kingo za mawimbi wala rangi ya zamani; wino ni ule ule, chumba ni kile kile, na nzi wanaomzunguka ni nzi wa leo na wa wakati ule kwa mpigo.

Mistari isiwe chini ya mm 0.5 kwenye A3, kwa kuwa itakuwa mm 0.25 kwenye A5, na ikizidi kuwa nyembamba huanza kukatika kwenye mashine za kuchapisha. Herufi kubwa ziwe na kimo cha mm 5.

Hatua ya 5: Mlio

Makanga hupiga bodi ya matatu mara mbili kumwambia dereva aondoe gari. Kila mtu wa Nairobi anaujua mlio huo, na hakuna anayeuogopa, kwa hiyo ni kichocheo kizuri kuliko honi au bunduki. Chora neno PA kwa mkono kwenye karatasi ya kunakilia, kimo cha mm 20, na uitunze karatasi hiyo. Ukurasa wa 2 inatokea mara mbili: PA PA, gari linaondoka. Ukurasa wa 8, mlango wa jirani ni PA ile ile, umbo lile lile hata doa la wino. Ukurasa wa 12 inatokea mara moja. Ya pili haisikiki, kwa sababu mama hayupo tena ndani ya gari. Iweke mwishoni mwa ukurasa wa 13, na gari liondoke.

Kwenye kurasa za 24 na 25 usiandike mlio wowote. Msomaji amebeba PA ile tangu ukurasa wa 2 na ataisikia mwenyewe. Ukiandika neno kubwa lenye miiba, tukio linakuwa mchezo.

Vipi maneno ya watu wengine wakati wa uvamizi? Usiyageuze kuwa herufi zisizosomeka, maana msomaji atasimama kujaribu kuyasoma. Acha viputo vyao vikatwe na ukingo wa fremu, nusu ya sentensi ipotee. Anasikia kwamba watu wanaongea, hapati wanachosema.

Hatua ya 6: Ukurasa wa tukio

Onyesha tukio mara moja tu, tena kidogo. Miongoni mwa wasomaji wako jijini wamo waliokuwepo, na wamo waliofiwa. Hawahitaji kuonyeshwa mwili uliolala. Wanachohitaji ni kuona kwamba umeelewa. Ukurasa wa 24 uwe na fremu sita za kawaida: mashine ya chapa, kikombe cha chai, mlio wa mbali usioandikwa, vichwa vinavyogeuka, wenzake wakielekea dirishani, mkono wake ukiegemea meza ili ainuke. Ukurasa wa 25 uwe na gridi ile ile, fremu sita, zote tupu. Nyeupe au nyeusi?

Nyeusi imetumika vizuri: Marjane Satrapi, katika Persepolis, kibonzo kuhusu utoto wake nchini Iran, aliweka fremu moja nyeusi tititi pale msichana anapokuta nyumba ya majirani imelipuliwa. Hapo weusi ni huzuni ya anayetazama. Kwa mfano wetu tunapendekeza nyeupe, kwa sababu vumbi na mwanga ndivyo vilivyomfika kabla ya giza, na kwa sababu dirisha jeupe tupu litaweza kurudi kwenye ukurasa wa 34 katika kioo cha simu bila kuhitaji maelezo. Mistari ya fremu iache ionekane. Fremu sita nyeupe zenye mistari ni madirisha sita.

Kuhusu rangi, fanya kazi yote kwa nyeusi na kijivu. Ile mbinu ya kuacha kila kitu bila rangi isipokuwa kitu kimoja chekundu imetumika hadi imechakaa, na humwelekeza msomaji kwa kidole wakati ulishamwelekeza kwa gridi.

Hatua ya 7: Namna ya kumalizia hadithi

Usimponye mhusika kwa ukurasa mmoja. Pazia likifunguliwa na jua likaingia, manusura wanaosoma watajua umewaongopea. Ukurasa wa 46 rudisha fremu ya 5 kwa mara ya tatu: makanga anapiga PA, bega la mama linashtuka, kichwa hakigeuki. PA ya pili inafuata papo hapo. Mapengo yamerudi mm 6, bado hayajafika 8. Badiliko la kadiri hiyo linaaminika, na kurasa za 47 na 48 zinaweza kwenda kwenye jambo jingine kabisa: mjukuu, chakula, kodi ya nyumba.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha chapisha

Toa nakala za penseli kwa watu watano wasiojua hadithi. Wakimaliza, uliza maswali matatu: mama anaepuka nini? Ulianza kuliona ukurasa gani? Ukurasa wa 12 yuko wapi? Jibu zuri kwa swali la tatu ni kusitasita, "yuko kwenye matatu... na pia ofisini". Akijibu upesi "anakumbuka zamani", bado umechora mpaka mahali fulani. Mara nyingi ni mstari uliofanywa mwembamba au kivuli kilichofifishwa bila kukusudia. Wakianza kuliona dirisha ukurasa wa 2, umelisisitiza mno. Ukurasa wa 8 ni sawa.

Skana ya A4 inatosha. Kwa kuwa eneo lako ni mm 372 tu kwa urefu, skani nusu ya juu na nusu ya chini, na utapata hadi mm 48 za kupishana kwa ajili ya kuunganisha. Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Ukipunguza hadi A5 zinakuwa 600, zinazofaa kwa mstari mweusi. Ikiwa kuna mchoro unaofika ukingoni mwa karatasi, faili iwe mm 154 kwa 216, yaani mm 3 za kukatwa kila upande.

Kijitabu cha kurasa 48 kinachopigwa stepo katikati kina sehemu moja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja: 24 na 25. Ndiyo maana tukio liko hapo. Mchoro unaovuka kurasa mbili mahali pengine popote utapishana kwa milimita moja au mbili, na kwa gridi hii kosa hilo linaonekana. Idadi ya kurasa igawike kwa nne.

Ukipeleka kazi kwa wachapishaji wa River Road jijini Nairobi, omba karatasi isiyong'aa ya gramu 100 au zaidi. Kwenye gramu 70 wino wa ukurasa wa 26 utaonekana kupitia fremu nyeupe za 25, na fremu hizo ndizo moyo wa kibonzo chako. Weusi wa ndani uwe wino mweusi peke yake. Ukichanganya rangi nne, mistari myembamba huwa na kivuli cha rangi pembeni. Kabla ya kulipia kazi yote, dai nakala moja iliyokwisha kukunjwa na kupigwa stepo, wala usikubali karatasi bapa ya mfano. Ifungue kwenye mwanga wa mchana, kagua 24 na 25, kisha funua kutoka 11 kwenda 12 kwa kasi ya msomaji wa kawaida. Kama fundi ameongeza ukurasa mtupu mwanzoni bila kukuambia, 12 itakuwa imehamia kulia, na ratiba yote ya uvamizi imeharibika. Arudishe kabla mashine haijawashwa.